Nilimwazimisha rafiki yangu gari, bastola yangu ikiwa chini ya kiti

Wakuu, habari za mapumziko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Nyuzi zenu nazisoma nikiwa kwenye parking, nasubiri mgonjwa aamke afungue mlango. Leo nimeona na mimi niweke la kwangu. Atakayesema ni chai, anywe tu, lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe na sitajipamba hata kidogo. Mtaona wenyewe nilivyokuwa mjinga.

Kwa kifupi, mimi ni mwanamke wa arobaini na ushee, mzaliwa wa Morogoro, naishi Cedar Hill, pembeni ya Dallas. Kazi yangu ni nesi wa kuzungukia wagonjwa majumbani. Asubuhi niko huku, mchana niko Fort Worth, jioni sijui wapi. Gari ndiyo ofisi yangu.

Miaka miwili iliyopita kuna gari lilinifuata kutoka gas station hadi kwenye apartments za mgonjwa. Niligeuka likageuka, nikasimama likasimama. Halikunifanya kitu, liliondoka zake, ila mimi sikulala wiki nzima.

Nikanunua bastola. Ndogo tu, na holster yake, yaani ala ya plastiki ngumu inayofunika triga.

Sasa hapa Texas siku hizi, kama umri umefika, ni raia au una green card na huna kesi, hulazimiki kuwa na leseni wala kukaa darasani ndipo ubebe. Sheria inakuruhusu. Mimi hilo la kuruhusiwa nikalichukua kama vile ndiyo kujua. Nilienda range, uwanja wa kulengea shabaha, mara tatu, karatasi nikaipiga katikati, nikarudi nyumbani najiona komandoo.

Na sikumwambia mtu.

Hili mlishike wakuu. Si kanisani, si kwenye kikundi chetu cha akina mama, si kwa rafiki. Nilijiambia inaitwa concealed, maana yake ni kuficha, basi nimeficha. Ukweli ni kwamba niliogopa maneno. Mnatujua. "Umemwona nesi? Anatembea na bunduki. Ana maadui gani huyo?"

Tatizo la pili ni kazi. Mwajiri wangu haruhusu kuingia nayo kwa mgonjwa, na sehemu nyingine zina yale mabango mlangoni ya kukataza. Kwa hiyo nikawa naiacha ndani ya gari, chini ya kiti cha dereva. Nilikuwa nimenunua kisanduku cha chuma chenye waya wa kukifungia kwenye gari. Kilikuwa chumbani kwangu, bado kwenye boksi lake, na plastiki yake juu.

Twende kazi.

Nina rafiki yangu Mkongomani, namwita Mama Espe. Anaishi Haltom City, upande wa Fort Worth. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee kabla hajahamia warehouse. Huyu dada katoka Kivu, kapita kambini Uganda, kaja hapa na begi moja. Ana watoto wawili. Espe ana miaka sita, mdomo kama redio. Jojo ana mitatu. Kwa Espe mimi ni auntie kamili, hata shuleni kwao jina langu liko kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua.

Ijumaa moja akanipigia. Mdogo wake Furaha, anayekaa Houston kule Sharpstown, alikuwa ameingia hospitali kujifungua mtoto wa kwanza. Mume wa Furaha yuko safarini, na gari la Mama Espe limekufa alternator. Anaomba gari langu Jumamosi na Jumapili.

Nikamwambia njoo uchukue, hilo nalo ni la kuomba?

Jioni hiyo nimerudi kutoka kwa mgonjwa wa mwisho, mikono yote miwili imejaa mifuko ya dukani. Nikafunga mlango wa gari kwa mguu, nikaingia ndani. Nilipanga kurudi kuchukua bastola. Nikapika, nikala, usingizi ukanipitia kwenye kochi.

Asubuhi saa tatu rafiki yake akamshusha Mama Espe kwangu na watoto, viti vya watoto, sufuria ya sombe, yaani kisamvu chao, ndagala (dagaa) za kukaanga na unga wa fufu wa kulisha mtaa. Tukacheka. Nikamsaidia kufunga viti vya watoto. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilimfunga Jojo mkanda nyuma ya kiti kile kile cha dereva.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize. Kabla ya kutoa ufunguo, lilinijia wazo la kupitisha mkono ndani ya gari nitoe vitu vyangu.

Nikaona aibu.

Kwetu mtu akikuomba gari, unatoa ufunguo na tabasamu. Ukianza kufungua droo na kupekua viti mbele yake, umemwambia nini? Umemwambia wewe mwizi, ngoja nitoe vyangu kwanza. Sikutaka Mama Espe ajisikie hivyo hata sekunde moja. Kwa hiyo adabu yangu ikanizuia kufanya kitu pekee kilichotakiwa kufanywa. Nikampa ufunguo kwa mikono miwili, nikapunga.

Saa nne na robo nikafungua lile sanduku jingine la chumbani, la kufuli, ambamo bastola hulala usiku. Tupu.

Kwanza nikadhani nimeibiwa. Halafu Ijumaa yote ikanirudia, mifuko, mguu, kochi. Nikashika simu. Wakuu, nimeshika mikono ya watu wakikata roho, sikuwahi kuogopa vile.

Wengine mtauliza kwa nini sikupiga 911. Nililifikiria. Nikajiona ninavyomtuma askari akasimamishe gari barabarani, ndani kuna mama aliyekimbia wanajeshi, hajui kuna nini chini yake, na watoto wawili nyuma. Nikasema hapana, nianze na simu.

Simu ikaita, ikapokelewa na Espe. Alikuwa anaangalia katuni.

"Hi Auntie! Mommy's driving. She said no phone."

Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu ni Kiingereza tu. Nikamwambia aweke spika. Sasa niseme nini? Nikitaja bastola, mtoto wa miaka sita si atainama kuitafuta? Nikajifanya mjanja.

"Mama Espe, uko wapi?"

"Tulisha kupita Ennis, dada. Barabara iko muzuri."

"Sawa. Nisikilize. Exit inayofuata utoke, utafute gas station. Simama, toa watoto kwenye gari, ingieni ndani, mkae. Halafu unipigie, nina jambo la kukwambia."



Wakuu, ninyi mmeshaelewa nilichofanya? Mimi nilikuwa sijaelewa. Ni nani kati yetu hajawahi kupigiwa simu ya namna hiyo? Msiba kwetu hausemwi njiani. Unaambiwa simama, kaa, uko na nani hapo, utapewa maji kwanza. Na dada yake yuko leba.

Mama Espe akapiga ukelele ambao bado nausikia.

"Furaha! Furaha alikufa!"

"Hapana! Hajafa mtu!"

"Unanificha! Batu bote njo banasemaka vile! Yesu, Furaha wangu!"

Yaani watu wote husema hivyo hivyo. Analia, anaendesha, maili sabini na tano kwa saa kwenye I-45, malori kushoto na kulia. Jojo naye akaanza kulia kwa sababu mama analia. Nasikia honi ya lori. Na kila nikisema Furaha mzima, anazidi kulia, maana hata hilo ndilo tunalosema. Tunasema anaumwa tu, kumbe mtu yuko mochwari.

Nikaona hapa naua familia nzima kwa adabu. Nikapiga kelele kuliko yeye.

"NI BASTOLA! Ni bastola yangu! Nimeisahau chini ya kiti chako! Furaha hana kitu, mimi ndiye mwenye kosa!"

Kilio kikakatika hapo hapo. 

Halafu sauti ya Espe, taratibu kabisa.

"Auntie, is it the black thing? It's by my shoe."

Ilikuwa imeteleza. Mama yake alikanyaga mafuta kwenye kona mahali fulani, ikatoka nyuma, ikavuka kapeti hadi miguuni pa Espe.

Sijui nilipata wapi sauti ya kawaida. Nadhani ni ile ya kazini. Nikamwambia, "Espe mpenzi, umeigusa?"

"No. Teacher said you don't touch it, you tell a grown-up. I was gonna tell but Mommy says be quiet when there's trucks."

Nikamwambia apandishe miguu juu ya kiti, akae kama anavyokaa kwenye kochi langu. Akapandisha. Nikamwambia anihesabie malori mekundu. Akaanza kuhesabu. Nikasikia indiketa inapiga tik tik, gari likipungua mwendo, likitoka kwenye exit, likisimama. Mlango. Mlango wa pili. Jojo akilia karibu na simu. Kisha akasema, "Tuko inje. Nimefunga motokari. Kuya."

Yaani niende. Akakata, akanitumia location.

Gari sina. Nikakimbia kwa jirani yangu Mkenya, tumwite Muriithi, dereva wa trela aliyekuwa off siku hiyo. Nikamweleza mlangoni, sijavaa hata viatu vinavyofanana.

"Wacha! Ati umeacha chuma wapi? Na watoi wako ndani?"

"Ndiyo."

"Ingia gari, sister. Tutaongea mbele."

Nilikuwa nimebeba lile boksi la kisanduku. Njiani nikaanza kulichana. Muriithi akaliangalia, akaangalia barabara, akaniuliza, "Hii kitu imekaa kwa boksi since when?" Nikaendelea kuchana plastiki. Akatikisa kichwa, wala hakuniuliza tena hadi tunafika, na namshukuru kwa hilo.

Tulimkuta Mama Espe amekaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya gas station, kivulini. Watoto wanakula mikate yenye soseji ndani. Gari liko mbali, limefungwa, na yeye hajaondoa macho pale hata mara moja.

Nikaenda kwenye gari peke yangu. Bastola ilikuwa kwenye kapeti, bado ndani ya holster, triga imefunikwa. Sikuichomoa kuikaguakagua pale mbele za watu. Nikaiweka hivyo hivyo, na holster yake, kwenye kisanduku, mdomo ukiangalia chini, nikafunga, nikakipeleka kwenye gari la Muriithi. Ufunguo nikauvaa shingoni.

Nikarudi kwa Mama Espe kuomba msamaha. Nikaanza na ile ya kijinga, kwamba ilikuwa kwenye holster, triga ilikuwa imefunikwa, isingeweza tu kufyatuka yenyewe.

Akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Dada, mi nilikimbiaka hii kintu na miguu. Siku nyingi. Unajua?"

"Najua."

"Sikatale ukuwe nayo. Ni maisha yako, uko natembea yako peke. Lakini ungenambia, ningekatala motokari, ningepanda bus. Haukunipa hata nafasi ya kukatala."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu ambaye ana haki.

Akasimama, akanipeleka kwenye gari langu mwenyewe, akaniambia fungua. Nikafungua droo ya mbele. Nikafungua buti, nikanyanyua tairi la akiba. Nikapitisha mkono chini ya viti vyote, kimoja kimoja, yeye ameinama ananiangalia. Ile aibu niliyoikwepa asubuhi niliilipa pale, mbele ya pampu za mafuta. Alipotosheka akawafunga watoto mikanda, akasema, "Merci, Muriithi," akaondoka kwenda Houston. Mimi hakunisemesha.

Furaha alijifungua salama jioni ile, mtoto wa kike. Habari nilizipata kwa watu wengine.

Gari lilirudi Jumapili, limejazwa mafuta, limeoshwa, ufunguo umeachwa kwa Muriithi.

Ikafuata miezi miwili ya kimya. Sijawahi kuachwa na mwanaume nikaumia vile.

Lakini sikukaa tu. Nilienda darasani, lile la leseni, ingawa sheria hainilazimishi. Mwalimu, mzee mmoja mstaafu, alisema jambo ambalo natamani ningelisikia siku ya kununua. Alisema bastola ina sehemu mbili tu, mwilini mwako au chini ya kufuli, na neno "chini ya kiti" halimo. Kisanduku sasa kimefungwa kwa waya kwenye gari. Na siku za kazi bastola haitoki nyumbani kabisa, maana siruhusiwi kuingia nayo ninakokwenda, sasa naibeba ya nini?

Kisha nikafanya lililokuwa gumu kuliko darasa. Nikasimama kwenye kikundi chetu cha akina mama nikawaambia yote. Na lile la Mama Espe nikalisema, bila kumtaja jina.

 Mmoja akasema mimi ni hatari, sikubishana naye. Ila tulipokuwa tunaosha vyombo, akaja dada mmoja kuninong'oneza. "Na mimi ninayo. Iko kwenye mkoba." Halafu mwingine. Halafu wa tatu, huyu mume wake hajui. Mikoba yao yote mitatu ilikuwa chumbani kwa mama aliyetukaribisha siku hiyo, juu ya kitanda, na watoto wanaruka ruka humo humo! Tukatazamana, tukaenda kuichukua mbio. Wiki mbili baadaye tulienda darasani wanne, tukakaa mstari wa mbele kama wa kwaya.

Juzi juzi, siku ya kazi, niko Fort Worth natoka kwa mgonjwa. Simu. Mama Espe.

"Dada. Tairi imepasuka huku ku barabara ya 820. Espe anatoka masomo nusu saa ijayo."

Kabla sijafungua mdomo akauliza:

"Ile kintu iko wapi?"

"Nyumbani, ndani ya sanduku. Ufunguo ninao mimi."

 Nikasikia magari yakimpita.

"Donc, enda umukamate ku masomo."

Kumkamata kwao ni kumchukua. Nilifika shuleni nikawapa kitambulisho. Yule mama wa mapokezi akapitisha kidole kwenye orodha, akasema nipo. Miezi miwili ya kuninunia, na jina langu hakulifuta.

Espe akaja na begi lake kubwa kuliko mgongo. Akafungua mlango wa nyuma, ila hakupanda. Akaweka begi chini, akapiga magoti kwenye lami, akainamisha kichwa, akaangalia chini ya kiti cha dereva. Akazunguka upande wa pili, akaangalia na kile kingine.

Sikumzuia. Nilisimama nikamsubiri, na watu nyuma yetu kwenye foleni wakasubiri.

Akainuka, akapangusa magoti. "Okay, Auntie," akasema, akapanda, akafunga mkanda.

Wakuu, somo langu si kwamba msibebe, wala si kwamba mbebe. Kila mtu na sababu zake, mimi bado nabeba. Somo ni kwamba kuficha ni kwa mtu wa barabarani. Mtu anayepanda gari lako, anayelala kwako, anayekuachia mtoto, huyo anastahili kuambiwa ili achague. Na kupekua gari lako kabla ya kuliazimisha si dharau. Kwangu sasa ndiyo heshima yenyewe, nafanya mbele ya mtu, kwa sauti.

Naombeni mnaobeba, popote mlipo, mjibu hapa kwa ukweli: ni nani anajua? Na mnaoishi na sisi tunaobeba, mngependa tuwaambieje? Hata wa kunisema mje, leo sikimbii.